Swali la Muda: Uchambuzi wa Kisa cha Seremala wa Ngamiani Mwenye Saratani ya Sainasi

Kisa kinachochambuliwa hapa kimeundwa kwa ajili ya kujifunza, na mgonjwa wake hayumo katika faili la hospitali yoyote. Hata hivyo, tabia ya ugonjwa wake, matibabu yake na takwimu zitakazotajwa ni zile zinazojulikana katika tiba. Tumemchagua seremala kwa sababu ni kazi chache mno zenye uhusiano wa karibu na saratani fulani kama useremala ulivyo na saratani hii ya sainasi, yaani vijumba vya hewa vilivyo kandokando ya pua. Tumemweka Tanga kwa sababu mji huu umeishi na mbao kwa muda mrefu: misaji ya Longuza iko jirani tu wilayani Muheza, na karakana za vitanda, milango na makabati hazikosekani katika barabara za Ngamiani.

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 58, asiyevuta sigara, aliyeingia karakana akiwa na miaka 17. Alianza kwa kupiga msasa kwa mkono, kazi wanayopewa wanagenzi kwa sababu haihitaji ujuzi mwingi, nayo ndiyo inayotoa vumbi laini kuliko zote. Baadaye alikuwa na karakana yake mwenyewe, yenye mashine ya kuranda na msumeno wa umeme, katika chumba chenye dirisha moja. Alifunga kitambaa puani siku zile tu ambazo vumbi lilimkera. Mninga, mkongo, mvule na msaji vyote vilipita mikononi mwake kwa miaka 40 hivi.

Dalili ya kwanza ilikuwa kuziba kwa tundu la kushoto la pua, jambo ambalo kwa seremala si habari. Baada ya miezi michache yakaanza makamasi yenye michirizi ya damu, kisha uwezo wa kunusa ukapungua. Alitibiwa mafua, akatibiwa aleji, akaambiwa ana maambukizi ya sainasi na kupewa antibayotiki zaidi ya mara moja, katika zahanati na maduka ya dawa tofauti, pasipo mtu kumwangalia ndani ya pua kwa kifaa. Alikwenda kwa mtaalamu pale tu mwanawe alipogundua kwamba jicho la kushoto la baba yake linatoa machozi hata akiwa amekaa kivulini, na kwamba limesogea mbele kidogo kuliko lenzake.

Hapa pana jambo moja la kulisema kwa mkazo, kwa kuwa ndilo lililokula muda mwingi kuliko yote. Mafua huziba pua zote mbili, mara nyingi kwa kupokezana, na aleji huleta muwasho na chafya. Tundu moja la pua linaloziba kwa miezi mfululizo na kutoa damu, kwa mtu aliyevuka miaka 40, ni jambo jingine, hata kama mara nyingi litakutwa kuwa ni uvimbe usio na madhara makubwa. Saratani za tundu la pua na sainasi ni adimu: hazifiki asilimia moja ya saratani zote, na ni takriban asilimia 3 hadi 5 tu ya saratani za kichwa na shingo. Mhudumu wa zahanati anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo hatumlaumu mtu kwa kutoifikiria saratani siku ya kwanza. Kinachostahili lawama ni kurudia dawa ileile mara ya tatu kwa pua ileile moja.

Daktari wa masikio, pua na koo alipoingiza kamera alikuta uvimbe laini wenye rangi ya nyama, unaotoka damu ukiguswa, umekaa juu kabisa ya pua karibu na paa lake. Akakata kinyama na kuagiza kipimo cha CT. Picha ilionyesha kwamba uvimbe umeota katika sainasi ya ethmoidi, yaani vile vijumba vidogo vya hewa vilivyopangana kati ya macho mawili, umekula ukuta mwembamba wa mfupa unaotenganisha pua na jicho, na umefika kwenye ule mfupa wenye vitobo ambao mishipa ya kunusa hupitia kuelekea ubongoni. Kipimo cha MRI, kinachoonyesha nyama laini vizuri zaidi, kilionyesha kwamba utando wa ubongo haujaguswa. Kwa mpangilio wa hatua, huo ni uvimbe wa T3, yaani daraja la tatu kati ya manne, usio na ugonjwa katika tezi za shingo wala dalili ya kusambaa.

Majibu ya patholojia yaliishangaza familia. Yalisema kwamba kinyama kile ni adenokasinoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza ute, inayofanana na saratani ya utumbo mpana. Mwana alirudi kwa daktari na karatasi mkononi akiuliza kama sampuli ya baba yake haikubadilishwa na ya mtu mwingine. Haikubadilishwa. Utando wa pua, baada ya miaka mingi ya kuchokozwa, unaweza kuzaa saratani ambayo chini ya darubini inafanana na ile ya utumbo kiasi kwamba hata rangi maalumu za maabara hazizitofautishi kwa uhakika. Kwa sababu hiyo mzee aliulizwa maswali kuhusu choo chake, swali ambalo hakulitegemea kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya pua, na akafanyiwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Utumbo ulikuwa salama. Hatua hiyo haikuwa ya kupoteza fedha, kwani kama uvimbe wa puani ungekuwa umetoka utumboni, ugonjwa ungehesabiwa kuwa umesambaa tangu mwanzo, na kila kitakachosemwa chini kuhusu uhai wake kingebatilika.

Uhusiano wa aina hii ya saratani na mbao ulijulikana Uingereza katika miaka ya 1960, pale madaktari wa eneo la High Wycombe, mji uliokuwa na viwanda vingi vya samani, walipoona kwamba wagonjwa wao wa adenokasinoma ya ethmoidi wengi ni mafundi wa viti na meza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1968 uliuthibitisha uhusiano huo, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka rasmi vumbi ya mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mkubwa ulitoka kwa mbao ngumu za Ulaya, hasa mwaloni. Miaka inayopita kati ya kuanza kuvuta vumbi na kuota kwa uvimbe kwa kawaida ni mingi, mara nyingi 20 hadi 40 au zaidi, na mtu huyu yumo kabisa ndani ya kipimo hicho.

Tuje sasa kwenye swali lenyewe. Kabla ya kukutana na jopo la madaktari Dar es Salaam, mwana alikuwa amekwisha kutafuta kwenye simu na kukusanya takwimu tatu za kuishi miaka mitano: zaidi ya asilimia 80, asilimia 60 hivi, na robo. Alizikuta zote chini ya maneno yanayofanana, saratani ya pua, na akashindwa kuelewa imekuwaje ugonjwa mmoja uwe na matumaini makubwa namna hiyo na udogo wa matumaini namna hiyo. Alikuwa sahihi kushangaa, kwa sababu hazikuwa za ugonjwa mmoja.

Ile ya kwanza ilitoka China na ilihusu saratani ya nasofarinksi, yaani sehemu ya nyuma kabisa ambako pua hukutana na koo. Saratani hiyo inahusiana na kirusi cha Epstein-Barr, husikia mionzi vizuri sana, na kwa kawaida hutibiwa bila upasuaji mkubwa. Pua na nasofarinksi zimepakana, lakini kitiba ni nchi mbili. Takwimu hiyo ingemdanganya mzee kwa kumpa matumaini ya ugonjwa usio wake.

Ile ya robo ilihusu melanoma ya utando wa pua, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi, moja ya saratani mbaya zaidi zinazoota humo. Hata katika vituo vyenye uzoefu, wanaofikisha miaka mitano ni wachache, kwa makadirio mengi karibu mmoja kati ya wanne au chini kidogo ya theluthi, kwa sababu ugonjwa hurudi na kusambaa mbali hata baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Hii nayo ingemdanganya, kwa kumkatia tamaa.

Ya kati, asilimia 60, ilikuwa ya Marekani na ndiyo iliyokaribia kuwa ya kweli, lakini kwa njia isiyofaa. Ni wastani wa saratani zote za tundu la pua na sainasi kwa pamoja: zilizogunduliwa zikiwa bado mahali pamoja, ambazo huvuka asilimia 80, pamoja na zilizokwisha kuingia sehemu jirani, ambazo hushuka hadi karibu nusu, na zilizosambaa, ambazo hushuka zaidi. Humo mmechanganywa saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote, na adenokasinoma, na melanoma, na ile ya neva za kunusa, ambayo wagonjwa wake saba au wanane kati ya kumi hufikisha miaka mitano ingawa inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi na zaidi. Imo pia ile inayoitwa adenoidi sistiki, ambayo hesabu ya miaka mitano huipamba isivyostahili: mgonjwa huvuka mwaka wa tano akiwa mzima, kisha ugonjwa ukaendelea kumfuata polepole kupitia njia za mishipa ya fahamu hadi mwaka wa kumi na tano. Wastani wa makundi kama haya ni sawa na kupima kina cha bandari ya Tanga kwa kujumlisha ufuo na mkondo wa meli. Namba inatoka, lakini nahodha hawezi kuitumia.

Namba iliyomfaa mgonjwa huyu ilikuwapo, ila haikuwa chini ya maneno aliyoyatafuta mwanawe. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya wagonjwa 418 wa adenokasinoma ya ethmoidi pekee, wengi wao watu wa mbao, ulikuta kwamba takriban asilimia 64 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Hata hiyo haikupaswa kusomwa kama bahati nasibu ambayo kila mgonjwa anaichezea kwa tiketi sawa. Kuna waliokuwa na hali nzuri zaidi na waliokuwa na hali mbaya zaidi ndani ya kundi hilo, na kilichowatenganisha kinajulikana.

La kwanza ni ukubwa na mahali. Mwaka 1933 daktari wa Sweden, Öhngren, alichora mstari wa kufikirika kutoka kona ya ndani ya jicho hadi pembe ya taya, akasema kwamba uvimbe ulio mbele na chini ya mstari huo una matumaini kuliko ulio juu na nyuma yake. Ametumia kalamu tu, bila mashine yoyote, na hadi leo amebaki sahihi kwa kiasi kikubwa, kwa sababu nyuma na juu ndiko liliko paa la pua, jicho na ubongo. Uvimbe wa mzee ulikuwa upande mbaya wa mstari. Lakini ulikuwa haujavuka utando wa ubongo, na kuvuka utando huo au kuingia ndani ya ubongo ni miongoni mwa mambo yanayoshusha uhai kuliko yote katika ugonjwa huu.

La pili ni aina ndogo ndani ya aina. Adenokasinoma ya namna ya utumbo hugawanywa tena kwa sura yake chini ya darubini. Iliyo na vidole vidole vilivyopangika vizuri huenda polepole, na ile iliyojaa ute au iliyoshikamana kama donge bila mpangilio huwa kali. Ripoti ya mzee ilisema aina ya kati, inayofanana na saratani ya kawaida ya utumbo mpana. Nadhani hii ndiyo sehemu ya karatasi ambayo ndugu huiruka kwa sababu ya maneno yake magumu, nayo ina uzito kuliko sentimeta za uvimbe.

La tatu, ambalo halijulikani mpaka baada ya upasuaji, ni kingo. Daktari wa upasuaji hupeleka maabara si uvimbe tu bali na nyama iliyouzunguka, ili ijulikane kama kisu kilipita kwenye nyama safi. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003, uliojumuisha wagonjwa 1,307 kutoka vituo 17 waliofanyiwa upasuaji wa sakafu ya fuvu kwa saratani, ulikuta kwamba asilimia 54 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na mambo yaliyotabiri uhai yalikuwa hayohayo: aina ya saratani, kuingia kwake ndani ya fuvu, na hali ya kingo. Umri na ugumu wa upasuaji wenyewe ulikuwa na hatari zake, lakini hayo matatu ndiyo yaliyoamua.

Kilichomtisha mgonjwa si kifo bali jicho. Alikuwa amesikia kwamba lingeng'olewa, na akasema wazi kwamba fundi asiyeona sawasawa hawezi kupima mbao. Zamani jicho liliondolewa kwa urahisi zaidi. Sasa inafahamika kwamba ikiwa uvimbe umekula mfupa lakini haujapenya utando mgumu unaolizunguka jicho, kuliacha hakupunguzi uhai wa mgonjwa. Utando wake ulikuwa umesukumwa tu, haujatobolewa, na jicho likabaki. Upasuaji ulifanywa kwa kamera kupitia puani, paa la pua likatolewa na kuzibwa upya ili maji ya ubongo yasivuje. Kingo zilitoka safi isipokuwa sehemu moja karibu na mfupa wenye vitobo, ambako nafasi kati ya saratani na ukingo ilikuwa ndogo mno.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu uvimbe wa T3 hupewa mionzi hata kingo zikiwa safi, alipangiwa mionzi ya Gray 60 (Gray ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa mafungu 30, siku tano kwa wiki, wiki sita. Mionzi kwa mzee huyu wa Tanga ilimaanisha Dar es Salaam, takriban kilomita 350 kwa barabara, na nyumba ya ndugu wa kumpokea. Hili si jambo la pembeni katika uchambuzi wa uhai. Katika saratani za kichwa na shingo, hasa zile za seli bapa ambazo zimechunguzwa zaidi, kurefuka kwa matibabu kwa siku zisizopangwa hupunguza uwezo wa mionzi kuudhibiti uvimbe, kwa makadirio ya takriban asilimia moja kwa kila siku. Mgonjwa anayerudi nyumbani katikati ya wiki ya nne kwa kukosa nauli au kwa ajili ya msiba hupoteza kitu ambacho hakionekani kwa macho. Familia hii iligawana zamu, na shemeji mmoja wa Temeke akamweka mzee kwake muda wote.

Mazungumzo kuhusu muda yalifanyika baada ya majibu ya kingo, si kabla, na naona huo ulikuwa uamuzi mzuri wa jopo. Daktari aliyezungumza alikuwa kijana kuliko mwana wa mgonjwa.

"Shikamoo baba," alianza.

"Marahaba mwanangu. Niambie basi, nimebakiza miaka mingapi?"

Daktari hakutaja miaka. Alimwambia kwamba katika watu mia wenye ugonjwa kama wake, waliotibiwa kama yeye alivyotibiwa, zaidi ya nusu wanaishi kupita miaka mitano, na kwamba yeye ana mambo mawili yanayomvuta upande mzuri, utando wa ubongo uliosalimika na tezi zisizo na ugonjwa, na moja linalomvuta upande mwingine, ule ukingo mwembamba. Mzee akauliza kama atakuwa katika wale wanaoishi au wale wengine. Akajibiwa kwamba hilo halijulikani leo, lakini litajulikana zaidi baada ya miaka miwili kuliko sasa. Mwana alitaka namba kamili. Baba alisema inatosha.

Jibu lile la miaka miwili linahitaji kuelezwa, kwa sababu lilisikika kama kukwepa swali nalo halikuwa hivyo. Adenokasinoma ya mbao haiui kwa kawaida kwa kusambaa mbali. Tezi za shingo huathirika kwa wachache, takriban mmoja kati ya kumi, na viungo vya mbali kwa wachache vilevile. Huua kwa kurudi palepale ilipoota, na katika kumbukumbu za zamani karibu nusu ya wagonjwa walipatwa na hilo. Marudio mengi hutokea ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo mgonjwa anayefikisha mwaka wa pili akiwa na pua safi hana tena uwezekano uleule aliokuwa nao siku ya upasuaji: ameshavuka sehemu yenye hatari kubwa zaidi, na asilimia inayomhusu imepanda. Namba ya siku ya kwanza ilimhesabu pamoja na wale ambao ugonjwa uliwarudia mwaka wa kwanza, nao hawamo tena katika kundi lake. Upande wa pili wa jambo hilohilo ni kwamba marudio ya kuchelewa yapo, hata baada ya mwaka wa tano, na kwa hiyo ufuatiliaji hauishii pale ambapo vitabu huacha kuhesabu.

Ratiba aliyopewa ni ya kuangaliwa kwa kamera kila baada ya miezi michache katika miaka miwili ya mwanzo, pamoja na MRI kwa vipindi, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Anasafisha pua kwa maji ya chumvi kila siku kwa sababu mionzi imeacha magamba na ukavu. Uwezo wa kunusa haukurudi na hautarudi, kwani mfupa uliopitisha mishipa yake umetolewa. Jicho la kushoto linafuatiliwa kwa mtoto wa jicho, ambaye mionzi inaweza kumleta baada ya miaka. Kivimbe kikitokea tena kikiwa kidogo, upasuaji wa pili huwezekana na wapo wanaoponea hapo. Kikigunduliwa baada ya kuvuka utando wa ubongo, chaguo huwa chache. Kwa sababu hiyo daktari alimwelekeza asisubiri tarehe ya kliniki endapo damu itaonekana tena kwenye makamasi au jicho likaanza kutoa machozi upya, na mtaalamu wa pua wa Tanga akapewa nakala ya picha za MRI za baada ya matibabu, ili picha yoyote itakayofuata ilinganishwe nazo badala ya kusomwa peke yake.

Karakana sasa inaendeshwa na mwana. Mashine ya msasa imehamishiwa uani chini ya bati lisilo na kuta, na mzee hukaa mbele, upande wa barabarani, akipokea wateja na kuandika vipimo. MRI ya mwaka wa kwanza haikuonyesha uvimbe; ile ya mwaka wa pili bado haijafika.